Balamani na Kijiji cha Kumi na Tano

Balamani, mwanamke fundi cherehani wa kijiji cha Regadipalli, alikuwa na mguu mmoja uliofanya kazi, mwingine uliogoma tangu akiwa na miaka miwili, na mdomo uliofidia pengo lote. Polio ilimpata mwaka uleule ilipoupitia mtaa mzima wa wafinyanzi. Mama yake alipomaliza kulia alimkalisha kando ya ukuta, akaenda kuchuma pamba ya watu, kwa sababu pamba haikujua kwamba kuna msiba. Mtoto akakaa. Alipochoka kukaa alianza kujiburuta, bega likiegemea ukuta, kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi wa maji, kutoka mtungini hadi jikoni, na kurudi. Miaka ikaenda, na bega lile likauchora ukuta mstari mweusi unaong'aa, kimo cha mbuzi. Kila sikukuu ya Sankranti ukuta ulipakwa chokaa, na kabla mwezi haujaisha mstari ulikuwa umerudi mahali pake. Mama yake aliuchukia mstari ule kuliko alivyouchukia ugonjwa.

Alipokuwa na miaka kumi na sita walikuja wageni kumtazama dada yake mkubwa, Sujana, kama anafaa kuolewa. Ukuta ulipigwa chokaa mara mbili. Balamani aliingizwa kwenye chumba cha magunia ya mpunga, akapewa mkate wa mtama na kitunguu, akaambiwa hata kupumua apumue kwa adabu. Akakaa gizani akiwasikia wageni wakiisifu nyumba, wakila, wakiuliza watoto ni wangapi. Baba yake akajibu bila kigugumizi kwamba amejaliwa wavulana wawili na binti mmoja, huyu mnayemwona. Hapo Balamani akakohoa. Hakuwa na kikohozi. Alikohoa kama mzee aliyevuta biri miaka arobaini, mpaka huko nje watu wakaacha kutafuna.

Ndoa ilifungwa hata hivyo. Ilikuja kugundulika kwamba upande wa bwana harusi nao walikuwa wamemfungia nyumbani ndugu yao kiziwi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na uso wa kumlaumu mwenzake. Balamani alikisimulia kisa hiki maisha yake yote kama kichekesho, na watu walicheka, lakini hakuna aliyepata kumwona akikisimulia mkono mtupu. Lazima ashike mkasi, au sindano, au kitu chochote chenye ncha.

Alijifunza kushona kwa cherehani ya mkono, maana ile ya kukanyaga ilimtaka kitu ambacho hakuwa nacho. Aliolewa mara moja, na mwanamume aliyedhani mke kiwete hawezi kumkimbiza. Alikosea. Baada ya hapo aliishi peke yake, akijua vipimo vya kifua vya wanawake wa vijiji vitatu pamoja na nusu ya siri zao, na akiwa na furaha ya wastani.

Kisha akaja Sudhakar, kijana wa mradi mmoja wa kusaidia walemavu, na pikipiki yake, miguu yake miwili mizima na daftari. Alikusanya watu wenye ulemavu wa Regadipalli chini ya paa la shule, akawaeleza habari za kikundi cha kusaidiana. Aliongea kwa upole mno, kama mtu anayeongea na wagonjwa. Balamani alimwacha amalize, halafu akamuuliza kama anajisikia vibaya. Kikundi kilianza siku ile na watu tisa, na kanuni ya kwanza waliyoitunga ilikuwa kwamba kila mtu ataitwa kwa jina lake. Kabla ya hapo kijiji kizima kiliwaita kiwete, kipofu, bubu, kana kwamba mama zao hawakuwapa majina. Wao kwa wao, bila shaka, waliendelea kuitana hivyohivyo wakiwa peke yao, na vibaya zaidi.

Shida kubwa ilikuwa cheti. Bila cheti cha ulemavu hupati kitu serikalini, na daktari wa kutoa vyeti alikaa mjini, siku ya Jumanne tu, ghorofa ya pili, katika jengo lisilo na lifti. Walioshindwa kupanda hawakuonwa. Waliopanda waliambiwa kwamba mtu aliyezimudu ngazi zile hana ulemavu wa kutosha. Vikundi vya kijiji kimojakimoja vilikwenda kulalamika na kurudi na ahadi. Ndipo likazaliwa wazo la shirikisho: vikundi vyote vya tarafa, vijiji kumi na tano, viwe mwili mmoja na sauti moja, na daktari ateremshwe kutoka ghorofani aje kukaa chini ya mti wowote atakaoupenda mwenyewe.

Sudhakar alitaka shirikisho lizinduliwe na vikundi tisa vilivyokuwapo, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa na haraka. Balamani aliinuka kwa gongo lake mbele ya wajumbe wote akasema hapana. Alisema shirikisho halitazinduliwa mpaka kila kijiji cha tarafa kiwe na kikundi, vyote kumi na tano, na yeye mwenyewe atawatafuta watu, maana hakuna atakayeachwa kwenye chumba cha magunia wakati wenzake wanapigiwa picha. Alisema kwa ukali, akiwa ameshika mkasi. Kifungu kikaandikwa kwenye katiba, wajumbe wakatia dole gumba, na walio bila vidole wakatia walichonacho.

Na kweli aliwatafuta. Alikwenda kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, akisukumwa kwa nyuma na Pentaiah, msokota kamba, mtu wa miaka hamsini ambaye hajapata kuona hata siku moja. Sudhakar aliwapiga picha, ikabandikwa ofisini kwao: kipofu na kiwete wakisaidiana. Picha haikuonyesha kwamba kipofu alikuwa mbishi kuhusu njia ambayo hakuiona, wala kwamba kiwete aliwahi kumwelekeza mtaroni makusudi baada ya kuchoshwa na nyimbo zake.

Kila kijiji walipofika waliambiwa jambo lilelile, kwamba hapa hatuna watu wa namna hiyo. Balamani hakubishana. Aliomba maji ya kunywa nyumba hadi nyumba, na akiyanywa aliangalia kuta. Mstari ule aliujua kama anavyoujua uso wake. Palipokuwa na mng'ao kimo cha bega la mtu anayejiburuta, alirudisha bilauri, akasema kwa sauti ya kawaida, "Sasa mwiteni." Vijiji vitano vilipatikana kwa njia hiyo. Katika kijiji kimoja alimtoa ndani mwanamke wa miaka thelathini ambaye majirani walidhani alikufa kwa surua. Sifa zikaenea, na Balamani, ambaye hakuwahi kukosa kujisifu hata wakati hapakuwa na sababu, sasa akasema waziwazi kwamba hakuna nyumba inayoweza kumficha mtu.

Kikabaki Nallagutta peke yake. Mkuu wa wilaya alikuwa ameshakubali kuja kuzindua shirikisho, na tarehe ilikuwa imebaki siku kumi.

Mkuu wa kijiji cha Nallagutta aliitwa Bhumaiah, mwanamume mnene mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likatisha. Sudhakar alikuwa amerudishwa mlangoni pake mara mbili. Safari hii aliwakaribisha wote watatu uani, akawaambia kwa fahari kwamba kwa neema ya mungu wa kike Poshamma, Nallagutta haina mtu mmoja mwenye kasoro. Aliisema sentensi ile mara nne. Mke wake, Andalamma, mama mtu mzima mwenye sari ya kijani, alileta birika na bilauri, akamimina chai mbele yao bila kusema neno, akarudi jikoni.

Balamani hakuonja hata ile chai vizuri. Alikuwa ameuona ukuta. Upande wa stoo, kutoka mlango wa mbao uliotiwa komeo hadi kwenye hodhi la maji, palikuwa na mstari mweusi, mnene, unaong'aa, kimo kilekile. Akaweka bilauri chini.

"Mkuu," alisema, "kwenye chumba kile anakaa nani?"

"Hakuna mtu."

"Huyo hakuna mtu ana bega."

Bhumaiah alianza kuinuka. Balamani alikwisha kushuka kwenye baiskeli na kujiburuta ua mzima kwa mikono yake, huku majirani wakijaa kwenye lango, na alizungumza njia nzima. Aliwaeleza watu wa Nallagutta kwamba kiongozi wao anafungia binadamu gizani kama gunia. Aliwaeleza kuhusu chokaa na kuhusu mkate wa mtama. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyajua. Kisha akashika komeo, akalivuta.

Beberu aliyetoka alikuwa mkubwa kama ndama, amepakwa manjano kwenye paji la uso, ana njuga shingoni, amenoneshwa miezi minane kwa ajili ya sikukuu ya Poshamma. Alimruka Balamani, akaangusha meza ya chai, akaenda kuipiga pembe baiskeli ya magurudumu matatu mara mbili, halafu akajisugua ubavu ukutani, taratibu, kwa raha, palepale kwenye mstari.

Nallagutta ilicheka. Ilicheka kwa muda mrefu, ikapumzika, ikaanza tena. Mwanamke mmoja langoni ilibidi ashikiliwe.

"Mwandike jina, fundi," alisema Bhumaiah. "Anaitwa Raju. Ulemavu wake ataupata siku ya sikukuu."

Walirudi kwa barabara ya mashamba ya pamba. Sudhakar alitangulia na pikipiki, kwa huruma, na huruma hiyo ilimuumiza Balamani kuliko kicheko. Pentaiah alisukuma bila kuimba, jambo lililokuwa geni. Walipofika kwenye mfereji alisema, "Anayepika chai nyumba ile haoni."

Balamani alimwambia anyamaze.

"Nakwambia haoni, dada. Amemimina bilauri nne, na mwisho wa kila moja amevuta pumzi kidogo, hivi. Ile ni pumzi ya mtu aliyeungua ncha ya kidole. Hata mimi namimina hivyo. Unatia kidole ndani ya ukingo, chai ikikigusa unaacha. Miaka thelathini nafanya hivyo, naijua ile pumzi."

Kidole hicho Balamani alikuwa amekiona. Alikiona kwa macho yake mawili, kidole cha shahada cha Andalamma kimejipinda ndani ya bilauri, na akadhani ni uchafu tu. Alikuwa akitazama ukuta. Kisha kitu kama sherehe kikampanda kifuani. Mke wa mkuu mwenyewe! Neema ya Poshamma ilikuwa ikimpikia Bhumaiah chai kila asubuhi, naye hajui. Akashika usukani akageuza magurudumu.

"Turudi. Watacheka tena, lakini safari hii mimi ndiye nitakayeanza."

Baiskeli haikwenda. Pentaiah alikuwa ameiacha akakaa chini, katikati ya barabara, akatoa katani kwenye mfuko wa shati akaanza kusokota.

Balamani alimtukana. Alimtukana yeye, kamba zake, na ukoo wake kuanzia kwa babu. Alimwambia kwamba zimebaki siku kumi, kwamba kijiji kimoja tu kinakosekana, kwamba kujificha ni kufa na yeye kama mtu aliyewahi kufichwa anayo haki ya kusema. Pentaiah alisokota mpaka Balamani alipomaliza.

"Siku ile kwenye magunia," akasema, "nani alikukohosha?"

"Nilikohoa mwenyewe."

"Basi."

Balamani alizungusha magurudumu kwa hasira mpaka walipofika Regadipalli.

Kesho yake hakwenda popote. Siku iliyofuata aliingia tena Nallagutta, peke yake, akizungusha kwa mikono mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alijua kwamba siku hiyo Bhumaiah yuko mjini. Watu walimlilia kama mbuzi alipopita, naye akawajibu kwa mlio bora kuliko wao. Kwa Andalamma alisema amekuja kuomba radhi kwa meza iliyovunjika, na kama kuna blauzi za kushona atazishona bure.

Andalamma alimkaribisha jikoni. Alitembea ndani ya nyumba yake kama mtu yeyote, hakugusa ukuta, hakujikwaa. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, chumvi hapa, pilipili hapa, ukwaju pale, na hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza. Balamani alikaa chini karibu na jiko. Alitafuta namna ya kuanza akaikosa, kwa hiyo akasimulia kisa cha magunia. Mkononi hakuwa na kitu. Alipofika kwenye kukohoa hakucheka, na Andalamma naye hakucheka.

"Keshokutwa wajumbe wanakutana," Balamani akamalizia. "Nitawaambia kwamba Nallagutta hakuna mtu. Nitaomba kifungu changu kifutwe."

"Na mimi unaniambia ili iweje?"

"Chai yako ilikuwa nzuri, dada."

Andalamma alikoroga dengu zake muda mrefu kuliko dengu zinavyohitaji. Halafu akauliza, akiwa bado amegeukia jiko, "Yule mwenzako wa kamba. Anajuaje kwamba nguo hii ni nyekundu na hii ni ya kijani?"

"Hajui. Anavaa chochote. Mara moja alikuja mkutanoni na sari ya mke wake mabegani, akadhani ni shuka."

Andalamma akacheka, kicheko kifupi kilichomtoroka, na baada ya kicheko yakatoka mengine. Ilikuwa miaka miwili na nusu sasa tangu macho yaanze kumwacha. Kwanza ukungu, kisha giza pembeni, kisha giza. Mkwewe, mke wa mwanawe, alidhani mama ana maringo kwa sababu hachori tena michoro ya unga wa chokaa mlangoni. Mume hakudhani kitu, kwa sababu hakumtazama. "Wakijua tu," alisema, "watanikalisha kitandani waniletee chakula kwa kijiko. Funguo atachukua mkwe wangu. Nitakuwa mgeni ndani ya nyumba niliyoisiriba mwenyewe. Wewe ulifungiwa stoo, mdogo wangu. Mimi watanifungia kwa mapenzi."

Balamani, mwenye jibu kwa kila mtu, alikubali kimoyomoyo kwamba hilo ni kweli, na lilimuuma. Aliomba sanduku la sari. Akatoa sindano na uzi, akakaa mchana ule wote akifunga vifundo kwenye pindo za ndani, mahali ambapo jicho haliendi: kimoja kwa nyekundu, viwili kwa kijani, vitatu kwa njano, na kwa ile ya harusi akashona kifundo kama ua, mshono mzuri kuliko wote aliopata kushona, kwa ajili ya kidole tu. Hawakuzungumza tena habari za shirikisho. Alipoondoka Andalamma alimpa pilipili ya kusindika chupa nzima.

Mkutano wa wajumbe ulikuwa mbaya kama alivyotazamia. Balamani aliinuka akasema kwamba Nallagutta haijapatikana, kwamba kifungu cha vijiji kumi na tano alikileta yeye kwa ujeuri wake, na kwamba anaomba kifutwe ili uzinduzi usife. Walishangaa kwanza, maana hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosa. Kisha wakafurahi. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama Raju angekuja kuwakilisha kijiji chake. Mwingine alipendekeza awe mweka hazina kwa kuwa ana njuga na hawezi kutoroka kimyakimya. Sudhakar aliuliza kwa upole kama kweli hakuna mtu kabisa kule, hata mmoja. Balamani akamtazama usoni akasema hakuna. Ulikuwa uongo wa kwanza aliousema bila kuufurahia. Wakatia dole gumba, kifungu kikafutwa, vikabaki kumi na vinne.

Siku ya uzinduzi lilitandazwa turubai la rangi kwenye uwanja wa tarafa. Wakuu wa vijiji waliketi kwenye viti vya plastiki mstari wa mbele, Bhumaiah na shati lake miongoni mwao, kila mmoja akiwa na shada la maua shingoni kana kwamba ndiye aliyepooza. Mkuu wa wilaya, mwanamke mwembamba aliyetazama saa kila baada ya hotuba, alikuwa amekwisha kuahidi kuhusu daktari kwa maneno ambayo Sudhakar aliyaandika na Balamani hakuyaamini. Kazi ya Balamani ilikuwa kuita vijiji kimoja kimoja. Kila alipotaja jina watu wake waliinua mikono, au magongo, au waliinuliwa. Aliita Regadipalli mwanzo na vingine kwa zamu, na sauti yake ilikuwa kavu. Alipomaliza cha kumi na nne aliikunja karatasi.

Nyuma kabisa, upande wa masufuria ya chai, mtu akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kikohozi kikubwa, cha makusudi, cha mzee wa biri wa miaka arobaini, na kilipoisha kikaanza tena. Watu waligeuka. Balamani alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na gongo likaanguka.

"Nallagutta," aliita.

Andalamma alikuwa amesimama mbele ya tela la trekta, amevaa sari ya harusi. Juu ya tela walikuwa watu saba. Mke wa mkuu wa kijiji huitwa kwenye kila uzazi na kila msiba, na hakuna mlango uliopata kufungwa mbele yake, kwa hiyo hakuhitaji kuangalia ukuta wa mtu. Aliwaendea mmoja mmoja. Alikuwapo binti wa mfumaji anayeanguka kifafa. Walikuwapo ndugu wawili viziwi ambao kijiji kilizoea kuwaita vibarua tu, na mzee aliyekatwa miguu kwa ugonjwa wa sukari, aliyekuwa hashuki kitandani, na msichana mkubwa mwenye akili ya mtoto akiwa ameinama kumkumbatia bibi yake aliyesimama chini. Wawili wa mwisho Balamani hakujua wana nini, na baadaye waligoma kumwambia. Hata mmoja kati yao hakuwa mtu wa kujiburuta. Balamani alielewa palepale, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko ile ya beberu, kwamba miezi mitano yote alikuwa akitafuta watu wa aina yake tu.

"Sisi wanane," alisema Andalamma kwa sauti ya kutosha. "Saba hawa na mimi. Niandikeni, sioni."

Turubai zima liligeukia viti vya mbele. Bhumaiah alikuwa amesimama nusu, shada limemning'inia, mdomo wazi. Andalamma hakumwelekea kwa kubahatisha. Alimuuliza Pentaiah, aliyekuwa amesimama karibu na masufuria, viti viko upande gani na ni hatua ngapi, na Pentaiah akamjibu hatua kumi na saba, akazidisha tano, kama kawaida yake. Alichukua birika kwa mkono mmoja na bilauri kwa mwingine. Alikwenda. Alipofika alimjua mumewe kwa harufu ya pasi.

Kisha, mbele ya mkuu wa wilaya na tarafa nzima, alitia kidole cha shahada ndani ya bilauri, akamimina mpaka chai ikagusa kidole, akavuta pumzi kidogo, akampa.

Bhumaiah aliitazama ile bilauri. Akakitazama kile kidole, chenye ncha nyekundu iliyokomaa kwa kuungua. Pengine ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kukitazama.

"Tangu lini?" akauliza, polepole.

"Miaka miwili na nusu."

"Na mimi nimekuwa nikinywa hivi?"

"Asubuhi na jioni. Na hukuwahi kulalamika."

Balamani alikuwa na maneno tayari. Alikuwa na maneno kumi, yote mazuri, mengine kuhusu Raju, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Aliyameza yote, na waliomfahamu wanasema hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyofanya siku ile. Bhumaiah akaketi. Akanywa chai yake mpaka mwisho, huku machozi yakimshukia kwenye shati jeupe, na hakujifuta.

Andalamma alisogea kiti cha pili, alichoketi mgeni rasmi. Mkuu wa wilaya alitazama saa yake, akatazama kidole, akanyoosha mkono kupokea bilauri. Balamani akaikunjua karatasi, akaomba kalamu kwa Sudhakar, akaandika kijiji cha kumi na tano.